Funda la Pili

Jerotich alikuwa na mapafu yasiyochoka. Daktari Cheruto, aliyehudumia timu ya riadha ya kaunti, alikuwa na kalamu isiyotetemeka. Jemutai, mpinzani wa Jerotich uwanjani, alikuwa na ulimi usioogopa wakubwa. Bibi yake Jerotich, Kogo Taprandich, alikuwa na subira. Sogeeni, kesi yao ni hii.

Jerotich alishinda mbio za mita mia nane mara saba mfululizo. Kamati ya riadha ikampima damu, ikamwambia homoni zake zimezidi kiwango cha mwanamke. Ameze vidonge vya kuzipunguza, la sivyo akae nyumbani.

Vidonge vilihitaji sahihi ya daktari. Cheruto aliirudisha barua ya kamati na mstari mmoja: "Huyu haumwi, simtibu." Alifutwa kazi wiki hiyohiyo. Angetia sahihi, Jerotich angemeza, alikuwa ameshakubali.

Nafasi ya Jerotich kwenye timu akapewa Jemutai. Siku ya mchujo, Jemutai alivua viatu kwenye mstari wa kuanzia, akagoma kukimbia.

"Dada Jerotich ameniacha mara saba," aliwaambia wanakamati. "Leo nikishinda, nimemshinda nani? Karatasi yenu?"

Wasichana sita wakavua vyao. Mchujo ukavunjika. Kila ulipoitishwa tena, walivua tena, hadi kamati ilipoondoa sharti lake katika mwezi wa kumi na moja wa mgomo.

Miezi hiyo yote, Kogo alimtoa Jerotich kitandani kila asubuhi, akaketi kilimani na saa mkononi.

"Kogo, niache. Wanasema mimi si mwanamke."

"Nilikupokea ulipozaliwa, nikakuogesha. Mimi sina swali. Panda kilima."

Jerotich akatwaa ubingwa wa taifa, na mwili wake uleule.

Kwao, bingwa hupokewa kwa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Funda la kwanza ni lake. La pili humpa mtu mmoja tu, aliyemfikisha kwenye ushindi, na majina yao hutajwa pamoja maisha yote.

"Mpe daktari," alisema Jemutai. "Mimi nilivua viatu tu."

"Na mimi niliandika mstari mmoja," alisema Cheruto. "Kogo ndiye aliyefanya kazi ya mwaka."

"Kazi gani? Nilikaa," alisema Kogo. "Aliyepanda kilima ni yeye. Anywe yote mawili."

Jerotich alikunywa funda lake, akafuta mdomo, akainua kibuyu.

Nanyi mliosikia, semeni: akielekeze wapi?