Swichi ya Mwisho ya Mzee Ridhwan

Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wakitazama nyumba za udongo, lakini maneno yao hayachagui nyumba. Kasoro ndogo ikipuuzwa leo, kesho humtoa mtu jasho na machozi. Zadock aliijua methali hii tangu shuleni, tena aliwahi kuiandikia insha akasifiwa mbele ya darasa. Kujua ni jambo moja, kutenda ni jingine.

Kwa miaka kumi na minane Zadock alikuwa fundi katika duka la Mzee Ridhwan, katikati ya jiji la Nairobi. Mzee, mzaliwa wa Lamu, aliuza vifaa vya mashua. Watu walimcheka: duka la mashua mahali pasipo na bahari wala ziwa! Naye alicheka pamoja nao, kwani wateja walimfuata kutoka Kisumu hadi Kilifi. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alizipanga kauntani swichi za kukanyaga, zile zinazomwezesha nahodha kuipandisha nanga kwa winchi ya umeme huku mikono yake ikiwa huru. Alizifungua moja moja, akazipangusa kwa kipande cha kanzu kuukuu, kisha akazipaka grisi kiasi cha punje ya mahindi.

"Ukichagua swichi usitazame inavyong'aa," alizoea kumwambia Zadock. "Tazama mpira wake wa juu. Maji hayapigi hodi, mwanangu."

Siku hizo zilikuwa tamu, na Zadock hakujua utamu wake mpaka zilipokwisha. Mzee alifariki dunia, duka likageuka la kuuza vifuniko vya simu. Siku ya kufunga, Saleha, bintiye Mzee, alimkabidhi swichi ya mwisho iliyobaki. Zadock aliipokea kwa mikono miwili, akalia kama mtoto.

Baadaye alifungua karakana yake Waithaka, pembeni mwa jiji. Zahanati moja ya kisiwani, huko Ziwa Victoria, ikampa kazi ya kuunda mashua ya kuvushia wagonjwa. Zadock aliiunda kwa moyo wote, na mbele kabisa, kwenye omo, akaiweka ile swichi ya Mzee. Mashua ikakaa uani chini ya mjakaranda, ikisubiri kuchukuliwa Desemba.

Mwezi wa Oktoba mvua zilianza, na maua ya zambarau yakaifunika mashua. Saleha alipomtembelea na mahamri yake, aliona maji yametuama kwenye omo. Maua yalikuwa yameziba kitundu cha kutolea maji. Aliinama, akaipapasa swichi, akaona ufa mwembamba kama unywele.

"Kaka Zadock, mpira huu umepasuka. Baba aliacha mingine nyumbani. Nikuletee?"

"Ah, Saleha, hapa ni Waithaka bana! Chumvi ya bahari itatoka wapi? Usijisumbue, nitapitia huko wiki ijayo."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine.

Desemba ilipofika, muuguzi Nasimiyu alitoka kisiwani akaja na lori kuichukua mashua. Zadock, kifua mbele, alitaka kumwonyesha kazi yake.

"Sista, angalia vile inavuta," alisema, akakanyaga.

Nanga ilinyanyuka kutoka ardhini. Zadock akaondoa mguu. Winchi haikusimama! Maji yaliyopenya kwenye ule ufa yalikuwa yameila shaba ya ndani, na vyuma vikashikana visiachane. Mnyororo ulizidi kuvutwa, nanga ikaigonga omo na kupasua mbao tatu kabla Zadock hajachomoa waya wa betri. Swichi ikafuka moshi.

Nasimiyu alizigusa zile mbao zilizopasuka.

"Fundi, nimeambia wamama wa kule krisimasi hii hawatavuka tena na mtumbwi wakiwa na uchungu. Sasa nikirudi nitawaambia nini?"

Lori likaondoka tupu.

Kesho yake Saleha, aliposikia yaliyotokea, alikuja na mipira pamoja na kile kipande cha kanzu. Hakumlaumu. Zadock aliifungua swichi iliyoungua, ambayo tangu apewe hakuwahi kuifungua hata mara moja. Ndani mlijaa kutu ya kijani. Lakini pembeni, mahali ambapo maji hayakufika, grisi ya Mzee ilikuwa ingali laini, na alama ya kidole chake ilikuwa bado imo.

"Nisamehe, Mzee," Zadock alisema, machozi yakimtiririka mbele ya Saleha bila aibu.

Kisha alichukua msumeno, akaanza kuibomoa omo yote ili aiunde upya. Kazi hiyo ilimchukua miezi miwili, na kwa miezi miwili hiyo akina mama wa kisiwani waliendelea kuvuka kwa mtumbwi, kwa sababu ya mpira ambao ungebadilishwa kabla chai haijapoa. Hakika, usipoziba ufa utajenga ukuta.