Mama Mkwe wa Nyani Ndani ya Ukungu

Ngano yabisha hodi!
— Karibu ndani, futa miguu!
Nani hajanyamaza?
— Aliyeshiba!
Haya, aliyeshiba asogee, mwenye njaa apate pa kukaa, tuanze.

Hapo kale, juu mlimani, palikuwa na jabali. Mgongo wake bapa kama kitanda, na chini yake pango kavu. Vuli ikifika, miyombo ya bondeni hupukutisha majani makuukuu, pukupuku, pukupuku, kisha huchipua mapya. Nayo hayaanzi kijani kama majani yenye akili. Huanza mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama papai lililoiva. Bonde zima huwaka bila moshi. Wanyama hupanda jabalini kutazama. Hakuna aliyewahi kushiba kwa kutazama, lakini hupanda hivyo hivyo.

Ila vuli haiji na uzuri mtupu. Asubuhi ukungu, mchana upepo, jioni radi. Ndiyo maana pango lilikuwa la wote, na sheria yake ilikuwa neno moja tu: sogea. Anakuja Kanga na vifaranga. "Hodi, sogeeni!" Wanasogea. Anakuja Digidigi anatetemeka. "Hodi, sogeeni!" Wanasogea. Anakuja Kobe, mvua imeshakatika zamani. "Hodi, sogeeni!" Wanasogea hivyo hivyo, kwa heshima.

Mwenyeji wa pale alikuwa Bi Pimbi, yule mdogo wa mawe, kama sungura aliyesahauliwa masikio. Alizaliwa palepale, akazalia palepale.

Vuli moja akaja Nyani. Dume zima, mabega kama mlango. Hakubisha hodi. Aliingia na rundo la makuyu, akajinyoosha: mguu mmoja ukuta huu, mguu mmoja ukuta ule, mkia katikati.

"Bwana Nyani, sogea kidogo," akasema Kanga.

"Nimeshasogea. Nimesogea toka bondeni mpaka hapa. Mnataka nisogee mara ngapi?"

"Bwana Nyani, sogea kidogo," akasema Digidigi.

"Nikisogea, makuyu yangu yatakaa wapi?"

Na juu ya jabali vilevile. Alikaa katikati ya bapa, mgongo kwenye bonde, uso kwenye makuyu yake. Uzuri wote ule nyuma yake, yeye anatafuna, mchamu-mchamu. Alipataka pale kwa sababu wenzake walipapenda. Wapo watu wa namna hiyo, msijifanye hamwajui.

Bi Pimbi akahamia kichakani na wanawe. Mvua ikaja, pa-pa-pa-pa! Upepo, vuuu! Kichaka kikawa kama chujio. Kitoto cha mwisho, Kijino, kikaanza kukohoa: koho, koho. Siku ya pili, koho, koho, koho. Siku ya tatu hakikukohoa sana, kililala tu, na hilo likamtisha mama kuliko kikohozi.

Akaenda pangoni. "Bwana Nyani, sisemi nasi tuingie sote. Mtoto tu. Huyu ukimweka kwapani hutamwona."

"Leo kwapani, kesho kichwani," akajibu Nyani. "Kazaeni mahali pakubwa."

Bi Pimbi hakulia. Kulia mvuani ni kazi bure, hakuna anayeona. Alikaa chini ya kichaka akafikiri.

Sasa sikilizeni. Nyani huyu alikuwa ameoa karibuni. Na enzi zile, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, halali chini ya dari moja naye. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Ndivyo ilivyokuwa, na ndoa zilidumu. Tena Nyani alikuwa na aibu ya ziada: siku ya harusi alikula sahani aliyowekewa mama mkwe, akairamba, akauliza kama iko nyingine. Tangu siku hiyo, akisikia jina la yule mama, masikio humlala.

Hilo moja. La pili, Bi Pimbi aliujua ukungu. Aliutazama tangu utotoni. Alijua kwamba jua likichomoza mgongoni kwako, na ukungu umejaa bondeni mbele yako, ukungu hukiiga kivuli chako. Unakikuza kama nyumba, kisha unakivisha duara la rangi kichwani. Mara ya kwanza kukiona alikimbia mpaka akapoteza pumzi. Mara ya pili alipunga mkono, kikapunga, akacheka peke yake.

Nyani hakujua lolote. Angejuaje, naye aliligeuzia bonde mgongo?

Asubuhi mvua ikanyamaza. Jua likachungulia nyuma ya mlima, na bonde limejaa ukungu, mweupe pe! Bi Pimbi mbio pangoni.

"Hodi! Bwana Nyani, hongera kwa ugeni!"

"Ugeni gani?"

"Mama mkwe. Yuko upande wa bonde. Mkubwa, maashallah, na kilemba cha rangi kinang'aa. Nadhani anamtafuta mkwewe."

Kuyu likamtoka mdomoni, pu! "Mwongo wewe."

"Basi mimi mwongo. Panda ukaone mwenyewe."

Nyani akapanda jabalini, akaligeuzia jua mgongo. Mara hiyo akatazama bonde.

Toba! Ndani ya ukungu amesimama nyani mkubwa kuliko mti, na kichwani kilemba: chekundu, manjano, samawati, kinazunguka kichwa chote.

Nyani akajifunika uso. Akachungulia vidoleni. Na yule kajifunika uso!

"Anafanya nini?" akauliza Bi Pimbi toka chini.

"Ananionea haya!"

"Ana adabu. Msalimie."

Nyani akainama mpaka pua ikagusa jiwe. "Shikamoo, mama." Akainua jicho moja. Yule naye ndiyo kwanza anainuka.

"Ameitika?"

"Ameinama! Mama mkwe ananiinamia mimi! Laana hiyo! Bi Pimbi, anakuja huku?"

"Kwa mvua za siku hizi atalala wapi kama si pangoni? Tena msogelee, umpe sehemu kwenye makuyu..."

Hakumaliza. Nyani aliruka, tii! akashuka upande wa pili, kacha-kacha-kacha, matawi yanavunjika, makuyu ameyaacha. Jua likaingia mawinguni. Mama mkwe naye akaenda zake.

Mchana dhoruba ikashuka kwa hasira za siku zote tatu. Radi, ngru-ngru-ngru, pwaa! Lakini pangoni, hodi, sogeeni, wamesogea. Kijino katikati, mbawa za Kanga huku, tumbo la Digidigi kule. Jasho likamtoka. Akafungua macho, akasema, "Mama, nataka kuyu." Hapo ndipo Bi Pimbi akalia, kwa kuwa palikuwa pakavu.

Jioni ikasikika sauti nyembamba nje.

"Hodi..."

Ni Nyani. Amelowa chapachapa, manyoya yamegandamana, kumbe ndani ya mabega yale mlikuwa na mifupa tu. Meno yanagongana, ka-ka-ka-ka.

"Mama yumo?" akanong'ona.

Bi Pimbi akamtazama. Angeweza kusema hakuna nafasi. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini, na matamu.

"Yumo ndani kabisa, amelala," akasema. "Ingia kinyumenyume, ukae mlangoni. Mgongo ndani, uso nje. Kichwa kikiwa nje, hujalala naye chini ya dari moja."

"Ahsante, mama wee. Sitageuka."

Akaingia kinyumenyume, akaketi. Ule mgongo ukaziba mlango wote, na upepo ukakoma, kimya.

Dhoruba ilipokatika, jua la mwisho likapiga bondeni. Nyani, ambaye hakuweza kugeuka, akalazimika kutazama. Miyombo imeoshwa, myekundu kwa shaba kwa manjano, na vipande vya ukungu vinapanda katikati yake kama moshi wa mapishi.

"Kumbe ndicho mlichokuwa mkitazama," akasema.

"Ndicho," akasema Bi Pimbi. "Sogea kidogo, nami nione."

Nyani akasogea.

Na tangu hapo, kila vuli huja na makuyu, hukaa mlangoni, huyapitisha nyuma bila kugeuka. "Mama hajambo?"

"Hajambo," husema Bi Pimbi. "Ila amekonda kidogo." Mwaka unaofuata huleta mengi zaidi.

Basi, watoto, funzo. Msiseme uongo. Bi Pimbi alisema uongo, na tazameni yaliyompata: pango kavu, makuyu ya bure na mlango wenye manyoya. Kuweni kama Nyani, waheshimuni wakwe zenu, mtakaa mahali penye upepo.

Ngano yaaga!
— Nenda salama, funga mlango!
Mlango umekaa hapo, unatazama bonde.
— Basi uambie usogee, upite!