Usingizi wa Kitaliano

"Kitaliano nitakijua kabla nywele hizi hazijahitaji kinyozi tena," Redio alitangaza, huku akipitisha kiganja juu ya kichwa chake kilichonyolewa kikang'aa kama kisigino kipya. Mafundi wenzake wakacheka. Mmoja akasema kwamba basi kijana huyu amekusudia kupata upara.

Jina la Redio alipewa na karakana nzima ya viatu, kwa sababu alikuwa hazimiki, na habari zake nyingine hazikuwa na mwenyewe. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa kisu cha kukatia ngozi hakuwa na mpinzani. Aliipapasa ngozi kwanza taratibu kama mganga anayetafuta mahali panapouma, kisha kisu kikapita mara moja tu, na kipande kikatoka kana kwamba kilikuwa kikingoja kuitwa. Alilelewa humo humo na shangazi yake, mwenye karakana, tangu alipokuwa mtoto wa kukalia makopo matupu ya gundi. Na tangu utoto huo alitamani jambo moja: kufika Italia akajifunze kushona kiatu cha kipande kimoja cha ngozi, kile ambacho hata ukikigeuza juani huoni mshono ulipopita.

Sasa tamaa hiyo ilikuwa imebishiwa hodi. Mfanyabiashara mmoja aliyezoea kununua viatu vya Shangazi alileta habari kwamba kiwanda kimoja cha huko kingempokea mwanafunzi kwa mwaka mzima. Mwanafunzi mmoja, si wawili. Sharti lilikuwa lugha. Fundi mkuu wa kule hamshiki mtu mkono. Yeye husema tu, na anayechanganya "vuta" na "ungevuta" na "ulikuwa ukivuta" huichana ngozi njema mbele ya macho ya wenyewe.

Waliojitokeza walikuwa Redio na binti mshonaji wa soli, ambaye kwa uchache wa maneno aliitwa Kimya. Mama mmoja mtu mzima, aliyeishi Italia ujanani mwake, alikubali kuwafundisha kila Jumamosi asubuhi na mwishowe kuwapima. Mwalimu huyo aliwaeleza kwamba vitenzi vingi vya Kitaliano ni watoto watiifu, ukimjua mmoja umewajua wote. Shida ni vile vikaidi, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyohitajika kutwa kucha: kuwa, kwenda, kuja, kufanya. Kitenzi cha kwenda, kwa mfano, "mimi" akikishika hujiita vado, "sisi" tukikifikia kimekwisha kujiita andiamo, kama mtu anayewakwepa mashemeji. Kisha kila kimoja kina sura yake ya leo, ya jana, ya zamani sana, ya kesho, ya shaka, ya sharti na ya amri. Mwalimu akawarekodia vyote kwa sauti yake katika simu zao, akawasihi wavitamke kwa vinywa vyao, kwani sikio peke yake ni mgeni tu, halilali.

Kimya alivichukua vitenzi vile akavipeleka kwenye kazi. Alikuwa akishona soli kwa mkono, ameinama hadi paji la uso linakaribia kugusa ngozi, na kila alipopitisha sindano alinong'ona: vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Mishono sita, watu sita, kutoka "mimi" hadi "wao". Akifika kwenye pembe ya kidole gumba alibadili wakati, na akizunguka kisigino aliingia katika shaka: che io vada. Akikosea, alifumua mishono yote sita akaanza upya. Mafundi walimwonea huruma, maana viatu vyake vilichelewa na shingo ilimuuma akawa anaikandakanda kama unga.

"Dada, unakishona kiatu hicho au unakiapisha?" Redio alimtania.

"Nakifundisha njia," Kimya akajibu, asiinue kichwa.

Redio alikuwa na njia yake. Saa ya mapumziko ya mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye alipanda juu ya marobota ya ngozi yaliyorundikwa karibu na dirisha, akachomeka visikilizio masikioni, akajinyoosha. Nadharia yake ilikuwa kwamba vitenzi ni kama sisimizi na akili yake ni sukari. Asiyefuatwa ndiye anayekimbizana.

Na kweli, walimjia. Jua la mchana lilipenya kwenye kioo chenye vumbi, harufu ya ngozi ikapanda polepole, sauti ya mwalimu ikawa maji yanayopita mbali, na Redio akajikuta ameingia katika nyumba ndefu isiyo na mwisho. Kila mlango ulikuwa wakati wake. Chumba cha sasa kilijaa mwanga wa asubuhi. Katika chumba cha mambo yaliyokuwa yakiendelea mvua ilikuwa ikinyesha tu, na watu walikuwa wakishona kiatu ambacho hakikuwa kikiisha. Chumba cha zamani sana kilikuwa baridi, fanicha zake zimefunikwa mashuka meupe. Cha kesho hakikuwa kimepigwa lipu, kilinukia saruji mbichi. Na chumba cha shaka hakikuwa na sakafu. Kilikuwa ukungu mtupu, na ndani yake sauti zikisema labda, laiti, kama ingekuwa.

Humo alimkuta Bwana Kwenda, mrefu, mwembamba, anayeingia mlangoni na koti moja na kutokea kwa mwingine na koti jingine. Alimkuta Bibi Kuwa, mwenye sura zinazobadilika kama maji ya bwawa upepo unapopita. Alimkuta Fundi Kufanya, mikono imeroa gundi, hana nafasi ya kusalimiana. Wote walimpokea kama mkwe. Redio alizungumza nao Kitaliano kitamu kama asali ya kwanza, akawatania, wakacheka mpaka Bibi Kuwa akasahau sura aliyokuwa amevaa.

Alipoamka, shavu lilikuwa na alama ya kamba ya robota na mate yameloanisha ngozi ya watu. Ulimi ulibaki na utamu, ila maneno hayakuwapo. Lakini nani huhesabu maneno akiwa na utamu? Akashuka, akamwambia shangazi yake kwamba leo amekimaliza kitenzi cha kuwa. Shangazi akamtazama kwa macho ya mtu anayetaka sana kuamini. Alikuwa amekwisha kumshonea Redio mkoba wa safari, na hakumwambia mtu.

Siku ya kupimwa, Redio alitangulia. Sebule ya mwalimu ilikuwa na meza ndogo, viti viwili na mlango wenye pazia jepesi lililotazama ukumbini. Mwalimu akamkaribisha kwa upole, akamwambia waanze na jepesi, amnyambulie kitenzi cha kwenda, wakati wa sasa.

Redio akafumba macho ili aingie katika nyumba yake. Nyumba ilikuwapo, ila milango imefungwa. Akabisha. Kwa mbali akamwona Bwana Kwenda akipita dirishani na koti lake jipya, akamwita, naye akaendelea na safari zake kama mtu asiyemfahamu.

"Ando," Redio akasema. "Andi. Anda."

Mwalimu akavua miwani. Akamwomba ajaribu hali ya shaka. Redio akasema tena "ando", safari hii akiinua nyusi na kuinamisha kichwa upande, kama mtu anayeshuku mchele una mawe. Akaombwa hali ya amri, akasema "ando" ile ile, akanyoosha kidole. Kwa wakati wa zamani sana aliyatupa macho dirishani, akashusha pumzi nzito, na "ando" ikatoka kwa huzuni ya mjane.

Mwalimu akairudisha miwani usoni.

"Uso wako umenyambulika vizuri sana, mwanangu," akasema hatimaye. "Kitenzi ndicho bado."

Alimweleza bila ukali kwamba kwa mwaka huu hatamwandikia barua ya sifa kwa kiwanda. Redio akashukuru, akaaga, na kwa kuwa aibu haipiti mlango wa mbele, akatokea jikoni. Alizunguka mitaa mingi kabla ya kurudi kazini. Mitaa yenyewe ilikuwa kama imefunikwa pamba. Watu walipita wakifungua vinywa asiwasikie. Lakini kwa kila kona aliyokata, aibu ilipungua kidogo na hadithi ikanenepa, hata alipoikaribia karakana alikuwa ameshaanza kuiamini mwenyewe.

Nyundo zikanyamaza alipoingia. Shangazi alikuwa kwenye cherehani yake pembeni, nyuma ya rundo la viatu, akipitisha uzi. Redio akasimama katikati akasimulia. Alisema mwalimu alimsikiliza huku ameshika kifua. Alisema vitenzi vilimtoka kama ushanga uliokatika, vikaidi vyote vikamwinamia, na mama wa watu akatokwa na machozi akikumbuka ujana wake. Nafasi ilikuwa yake, ilikuwa mkononi kabisa. Ila alipomfikiria Kimya, na ile shingo yake, na unyonge wake, moyo ukamlainika, akaomba nafasi apewe binti yule. Mafundi wakatazamana. Mmoja, mwepesi wa machozi, akampigapiga begani kwa wema huo.

Shangazi akakata uzi kwa meno.

"Na pale ulipoinua nyusi," akauliza, "alilia pia?"

Redio akageuka. Habari ya nyusi hakuwa ameisimulia.

"Nilikufuata nyuma nikakaa kwenye benchi la ukumbini," Shangazi akaendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilitaka nisikie mwanangu akiipata Italia kwa masikio yangu. Lile ni pazia, si ukuta. Ulipotokea jikoni nikabaki, nikamsikiliza na mwenzako. Alikosea kimoja, akarudi nyuma, akaanza upya mpaka kikanyooka, akaandikiwa sifa. Hakuna aliyempa nafasi ile kwa huruma, Redio. Usimnyang'anye jasho lake."

Redio akafungua mdomo. Karakana nzima ikangoja, na kwa mara ya kwanza tangu wampe jina, redio ikazimika. Shangazi hakumgombeza zaidi. Alisema tu, kama anayezungumza na cherehani, kwamba yeye amemlea mtoto huyu kwa kumwonesha kila kitu isipokuwa kimoja: vitu vizuri vilivyo chini havimpandii mtu aliyelala juu akivingoja, hata alale kwa akili namna gani, mtaka cha mvunguni sharti ainame.