Bango la Kituo cha Mafuta

Bwana Feruzi, tajiri aliyekusanya vitu vya vituo vya mafuta vya zamani, alifika jikoni kwa Bi Sikudhani. Paa la jiko lilikuwa bango la bati lililotupwa kituo cha baba yake Feruzi kilipofungwa.

"Bango hilo langu. Nalibandua leo."

"Mvua ikinyesha, wanangu nitawapikia wapi?"

"Hayo yako, mama. Chochote kilichozeekea kwa baba yangu nakichukua, nakitunza nyumbani kwangu."

"Hata kikiwa na kutu?"

"Kutu ndiyo utamu wenyewe."

"Basi andika hayo mbele ya mjumbe."

Mjumbe wa mtaa akaitwa. Feruzi akaandika, akatia sahihi kwa mbwembwe.

Bi Sikudhani akaenda nyumba ya pili, akarudi amemshika mkono Mzee Mchopa, jirani mpweke aliyelishwa naye kila siku.

"Huyu aliwajazia watu mafuta kwa baba yako miaka arobaini. Amezeekea palepale, na magoti yana kutu."

"Chumba changu kiwe karibu na choo, mwanangu," mzee akasema. "Na uji uwe wa moto."

Feruzi akaitazama sahihi yake.

"Bi Sikudhani, tuichane karatasi hii."

"Na bango?"

"Bango gani?"