Mzee Mafua na Ahadi ya Kwenye Ndiva

Sogeeni karibu, ila anayepiga chafya ageukie ukutani. Mwenzenu Namweta aliniuliza swali tulipokuwa tunaosha tangawizi, nikamwambia asubiri tumalize gunia. Anasema mchana kutwa amecheza na mafua yake, pua inachuruzika tu, wala haoni shida. Iweje akishalala pua zizibe, kikohozi kianze na kichwa kiwe kizito? Ni swali zuri. Watu wazima wengi hawajawahi kujiuliza, wanakohoa tu.

Zamani, kabla ya babu wa babu yangu, huku kwetu Upare mafua yalikuwa ugonjwa wa mchana. Mafua mwenyewe alikuwa mzee mfupi aliyejifunga shuka lililolowa, hata wakati wa kiangazi. Alifika kwa watu jua likishapanda, akapewa kiti na uji wa moto, akasikilizwa. Alipenda sana kusikilizwa. Wenye nyumba walipiga chafya na kufuta pua huku wakipeana habari naye, na jua likikaribia kuzama aliaga, akaenda kulala bondeni. Usiku watu walilala fofofo. Baada ya siku kadhaa alihamia kijiji kingine, na hakuna aliyemchukia.

Basi mwaka mmoja ukuta wa ndiva ukapasuka. Ndiva mnaijua, bwawa letu la maji ya kijito: jioni linazibwa, usiku linajaa, asubuhi kizibo kinatolewa na maji yanateremka mashambani. Maharage yalikuwa yametoa maua, na bila maji wiki ile yangekauka yote. Pembe ikapulizwa, kijiji kizima kikatoka kwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo hata leo asiyefika anasemwa mwaka mzima.

Aliyekabidhiwa kuziba na kuzibua ndiva alikuwa mama mmoja aitwaye Nakijwa. Asubuhi ile alipanda mlima na kapu la udongo kichwani, na mgongoni alimbeba mwanawe Senzota, mtoto wa miezi minne. Alipofika tu ukutani, huyo Mzee Mafua akatokea na shuka lake, anakuja kukaribishwa kama kawaida.

Hapo ndipo adabu yetu ilipotuponza. Sisi hatumwambii mgeni aondoke. Tunamwambia apitie baadaye, naye kwa adabu yake haji, mambo yanakwisha. Kwa hiyo Nakijwa akasema, “Karibu sana, baba. Ila leo tuna msaragambo. Si upitie jioni, tukishaziba ndiva?”

Mzee Mafua hakuwahi kuambiwa hivyo maishani mwake. Akauliza, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli, “Hata nikikuta mmeshalala?”

“Hata tukiwa tumelala, mlango ni wako. Si ndivyo, jamani?”

Na wale wenye majembe, bila hata kuinua kichwa, wakaitikia wote, “Ndivyo!” Nawaambia wajukuu zangu, hakuna kinachoniudhi kama watu wanaoitikia wasichokisikia.

Mafua akaketi juu ya jiwe kutwa nzima, akangoja. Watu walipiga chafya mojamoja tu, wakaendelea na kazi. Jioni, ukuta ulipokwisha kutengenezwa, akamtazama Nakijwa akisukuma kizibo mahali pake. Akaona maji yaliyokuwa yakikimbia yanasimama, yanajaa taratibu, yanapanda ukutani. Jambo hilo lilimvutia sana, akalichungulia mpaka giza likaingia.

Usiku akaja, nyumba kwa nyumba, maana waliitikia wote. Akawakuta wamelala chali, vichwa viko sawa na miguu, nyumba kimya, hakuna wa kumpa habari. Sasa mtu aliyengoja kusikilizwa tangu asubuhi atafanya nini? Akafanya kile alichokiona kwenye ndiva. Akaziba. Kijiji kizima kikaanza kukohoa gizani, na kila aliyejigeuza aliona tundu la pua la upande wa chini linabana zaidi.

Wakubwa walilalamika tu. Senzota ndiye aliyekuwa taabuni. Mtoto mchanga anaponyonya hupumua kwa pua, na pua ilikuwa imezibwa. Alishika ziwa, akaliachia, akalia, akalishika tena. Mchana alinyonya kidogo. Usiku wa pili akashindwa kabisa, na sauti ya kilio chake ikaanza kuwa ndogo. Nakijwa aliogopa kuliko alivyopata kuogopa. Alijua fika kwamba mdomo uliomkaribisha mgeni ulikuwa wake.

Akaketi, akaegemea ukuta, akamsimamisha mtoto kifuani pake. Pua ikalia kidogo, ikaachia. Akashangaa. Akamlaza, ikaziba. Akamwinua, ikaachia tena. Akarudia mara ya tatu, hata yeye mwenyewe hakuamini.

“Kumbe ni ndiva!” akasema. “Ukilala, inajaa.”

Akawasha moto, akabandika chungu cha maji pembeni, mbali na mtoto, mpaka hewa ya chumba ikawa na umande wa joto. Kisha akachemsha tangawizi, akaitia asali, akamimina vikombe viwili. Cha pili akamsogezea mgeni, aliyekuwa ameketi kando ya moto.

“Baba, ulikuja kwa neno letu, sikufukuzi,” akamwambia. “Leo nimeketi nakusikiliza. Lakini huyu mdogo hakuitikia na wenzake. Mwache apumue.”

Mzee Mafua akanywa. Akakimaliza kikombe chote. Mwishowe akasema, “Neno la watu wote siwezi kulirudisha, mama. Usiku nitakuja. Ila nikikuta kichwa kimeinuliwa na kitu cha moto kinachemka, nitaziba nusu tu. Na baada ya siku saba, au kumi, nitaaga.”

Alfajiri Senzota alinyonya, muda mrefu, bila kuachia. Nakijwa alilia kwa furaha, kisha akambeba wakapanda kwenda kuzibua ndiva. Maharage yalipona.

Na tangu siku hiyo, mafua hukaa pembeni mchana wakati mna kazi na kelele, na usiku mkishalala yanakuja kudai neno lenu. Ndiyo maana nawawekea mito miwili, nawachemshia tangawizi na kubandika sufuria la maji. Mtoto mchanga hawekewi mto, anabebwa wima mikononi, na asali haonjeshwi mpaka atimize mwaka. Na mtoto akikataa kunyonya, au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, huyo si Mafua tena, ni mgeni mwingine. Tunampeleka hospitali usiku huohuo.

Haya, Namweta, chukua mto wako wa pili. Akija leo mwache akae, mimi niko hapa ukutani na kikombe chake. Ila usimwambie apitie kesho. Huyo mzee ukimwambia hivyo, anakuja.