Ukuta wa Mbwarahaji

Hapo zamani, katika mji ambao jina lake nalimeza kwa kuwa wajukuu wa wenyewe wana hasira za karibu, alikuwako Sultani Zahidi. Ubavuni mwa kasri lake palikuwa na kibanda cha udongo cha Mbwarahaji, fukara mwenye maneno mengi na mama kipofu. Mama yule alikwenda kwa kupapasa ukuta, toka mlangoni hadi jikoni, wala hakuhitaji mtu wa kumshika mkono. Kwingine kokote angalikuwa mzigo.

Basi Sultani akashikwa na homa na kikohozi. Tabibu akakataza maji yasimguse mwili, ikawa kila sala anatayamamu kwa udongo safi uliowekwa katika sinia la fedha. Kisha tabibu akasema kikohozi chaletwa na vumbi. Sultani akachungulia dirishani, akakiona kibanda, akaagiza mwenyewe aletwe.

"Uwe umeliondoa vumbi lote kasrini mwangu kabla ya adhana ya Ijumaa," akamwambia. "Ikisalia hata chembe, kibanda chako kitavunjwa."

Mbwarahaji akamkumbuka mama yake. Akainama, akasema, "Bwana wangu, mimi mjinga. Vumbi nitalijuaje?"

Sultani hakuwa amepata kushika ufagio maishani mwake. Akajibu, "Puliza. Kila kipeperukacho ni vumbi, kakitupe nje ya mji."

Basi Mbwarahaji akapuliza. Jikoni unga ukapeperuka, akautoa wote. Chumbani kwa malkia ikapeperuka liwa ya uso, ghalani baruti. Kadhi alikuwa akisinzia barazani, na ugoro wake ukapeperuka ukamwingia machoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia, kwani amri ilikuwa ya Sultani.

Alhamisi Sultani akala mchuzi bila mkate, na malkia hakusema naye. Akaghadhibika, akaapa kwamba kibanda kitavunjwa Ijumaa, vumbi liishe lisiishe. Mbwarahaji hakumwambia mama yake.

Usiku mvua ikanyesha, mji ukawa tope tupu. Ijumaa wavunjaji wakasimama kibandani na majembe, wakingoja amri, na adhana ikalia. Sultani akaitisha sinia lake. Likaletwa likimeremeta, akaziona ndevu zake humo.

"Udongo u wapi?"

"Niliupuliza, Bwana," akasema Mbwarahaji. "Ukapeperuka."

Kuta za kasri zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa. Kadhi, macho yangali mekundu, akasema pasipo vumbi hapana tayamamu, tena tope halifai, na watu wameshajaa msikitini.

"Vumbi kavu lipo, Bwana," akasema Mbwarahaji. "Lipo ukutani kwangu, chini ya upenu. Ila wazuiwe haraka wale wenye majembe, wasilimwage kwenye tope."

Sultani akatoka na mkongojo wake, akawapita wavunjaji bila kuwatazama, akapiga viganja ukutani, akapaka uso. Alipopiga tena kwa ajili ya mikono, sauti ikatoka ndani.

"Nani huyo anipapasiaye ukuta?"

Watu wote wakatazama chini. Sultani akajibu, uso wake mwekundu kwa udongo.

"Ni jirani, mama."

"Basi papasa taratibu, mwanangu. Hatuna mwingine."

Sultani akacheka hata akakohoa, na haya imemshika. Akawaamuru wavunjaji wakaweke majembe, akaenda kusali. Jioni ile alipeleka kibandani gunia la unga, akaomba aletewe mkate mmoja.