Kipande cha Ardhi Kilichopaswa Kubaki Kitupu

Mtu mmoja alikuwa na kipande cha ardhi ambacho kazi yake ilikuwa kubaki kitupu. Jina lake Mligo, msimamizi wa uwanja wa ndege katika mji mdogo wa nyanda za juu. Ardhi haikuwa mali yake, alikabidhiwa tu. Ilikuwa pale inapoishia lami ya kutulia ndege, tambarare, imejaa majani, haina jiwe wala kisiki. Siku aliyoipokea aliambiwa hivi: ndege ikishindwa kusimama kwenye lami, majani haya ndiyo yatakayoipokea, na watu watashuka wakitetemeka lakini wazima. Basi uyalinde.

Anayelinda ghala huheshimiwa, kwa kuwa kila mtu anaona kilichomo. Anayelinda utupu huitwa mchoyo. Miaka yote ya Mligo pale, hakuna ndege iliyowahi kugusa majani yale, na watu wa mji walikuwa na macho. Waliona udongo mweusi umelala bure, huku wao wakilima miteremko inayoporomoka kila mvua. Wakamwomba, naye akasema hapana. Alisema hapana sokoni, akasema hapana msibani, akasema hapana akitoka kanisani na Biblia bado iko kwapani. Neno fupi kama hilo, lakini likirudiwa miaka mingi humchosha mtu kuliko jembe.

Mwaka mmoja akawaruhusu akina mama wapande maharage. Maharage ni laini, alijiambia, ndege itayapita. Maharage yakataka matuta. Yalipochanua wakaja mbuzi, na kwa sababu ya mbuzi ukaja ukuta wa mawe, mfupi tu, wa kufika magotini. Wakaguzi walipotarajiwa, mawe yaliondolewa asubuhi na kurudishwa jioni, funika kombe mwanaharamu apite. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tunasahau kwamba ndivyo inavyokimaliza pia.

Kisha likaja suala la maji. Wanawake wa mji ule walishuka bondeni kuteka, wakapanda na ndoo vichwani, na mke wa Mligo alikuwa mmoja wao. Fundi alipima akasema mahali pa kujenga tangi ni palepale kwenye majani, kwa kuwa mji wote uko chini yake na maji yangeteremka yenyewe. Aliyetumwa kumwambia Mligo alikuwa Yudita, mdogo wa mkewe. Alikuja nyumbani, akaketi, akanywa chai yote kwanza.

"Shemeji," akasema, "tangu ukae hapa, umeona ndege ngapi zimefika kule kwenye majani? Dada yangu kiuno kimekwisha kwa ndoo. Hiyo ardhi unamlindia nani?"

Msimhukumu Mligo haraka. Hakula rushwa, wala hakuwa mjinga. Alimtazama mkewe, akahisi jinsi alivyochoka kuwa mtu wa kukataa. Akamkumbuka Kapteni Lohay, rubani wa siku nyingi wa njia ile, mtu makini, aliyesifika kwa kurudi angani kila alipoona ndege haijakaa sawa kutua. Watu wa namna hiyo wapo, akajiambia. Kisha akamjibu shemeji yake, "Jengeni. Lohay ana akili zake, hawezi kufika kule."

Tangi likajengwa, la zege, likapakwa rangi ya kijani lisije likawachoma macho wakaguzi. Maji yakatoka bombani, vigelegele vikapigwa, na mke wa Mligo akapata kulala mchana. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana inauma kuisimulia.

Tangi lilipojengwa Lohay alikuwa amehamishiwa safari za pwani, na hakuna aliyempa habari. Alirudishwa masika, na siku ya kwanza aliporudi mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mligo alisimama mlangoni mwa ofisi akaiona ndege ikitoka mawinguni, iko juu mno, ina kasi mno, na upepo unaisukuma kutoka nyuma. Ikapita pale magurudumu yanapotakiwa kugusa. Ikapita ofisi, bado inaelea. Mligo alingoja injini zingurume na ndege ipande tena, kama ilivyokuwa kawaida ya Lohay, maana nafasi ya kupanda bado ilikuwepo. Haikupanda. Ikagusa chini wakati nusu ya lami imekwisha kupita, juu ya maji yaliyotuama, na breki zikakamata maji. Mligo akaanza kukimbia mvuani akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Matuta yaliitikisa ndege, mawe yakavunja magurudumu yake, na ubavu wake wa kulia ukakutana na tangi.

Walikufa watu wanne, rubani msaidizi akiwa mmoja wao. Lohay aliokolewa, miguu imevunjika.

Baada ya mazishi Mligo alikwenda hospitali. Hakwenda kumpa pole mgonjwa. Usingizi ulikuwa umemkimbia, na alitaka apatikane mtu mwingine wa kuubeba mzigo ule. Alisimama kando ya kitanda akauliza kwa nini hakurudi juu.

 Lohay akasimulia kwamba wiki iliyotangulia, katika mji mwingine, alikataa kutua kwa sababu ya mawingu, akawarudisha abiria walikotoka. Walimtukana usoni. Mama mmoja alikosa kumzika baba yake, akamwambia Mungu atamlipa. Na kazini wakubwa wake wakamuuliza kama siku hizi ameanza kuogopa mawingu.

"Nilichoka, Mligo," akasema. "Nilijua nimechelewa kugusa chini. Nikasema moyoni, si kitu, Mligo yupo, mbele kuna majani."

 Mligo akavuta kiti, akaketi. Wote wawili walikuwa watu wema, na kila mmoja alikuwa ameitumia akiba ya usalama aliyokabidhiwa kwa kutegemea ile ya mwenzake. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kuwaambia kwamba muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha.

Nanyi mliochoka, na ninajua mmechoka, niambieni: ile hapana mliyoacha kuisema jana, mlimwachia nani aiseme?